Simu ikae wapi tukiwa tunakula nje? Njia zinazotumika Dar zikilinganishwa

Sina haja ya kumshawishi mtu kwamba simu mezani zinaharibu mlo wa pamoja. Kila aliyekaa Coco Beach na wenzake, mihogo ikapoa huku kila mmoja ameinamia kioo chake, analijua hilo. Kinachobaki ni swali la vitendo: simu ikae wapi, kwa nani, na mpaka wakati gani? Njia ziko kadhaa, zote zinatumika hapa mjini, ila hazilingani hata kidogo. Iko inayowafaa watu wawili lakini ikawavuruga watu kumi. Iko inayokwenda vizuri ndani ya mgahawa wenye mlinzi getini, ila kwenye meza ya barabarani Kinondoni inaweza kukugharimu simu yenyewe.

Lakini kwanza tuitendee haki simu. Kwa mtu wa Dar simu ni pochi. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, zikafuata Tigo Pesa, Airtel Money na nyingine, na siku hizi hata mama lishe utamkuta na lipa namba yake imebandikwa ukutani. Simu ndiyo inayonunua LUKU umeme ukiisha nyumbani, na ndiyo inayoita Bolt ya kukurudisha Kimara usiku. Ndiyo inayoleta taarifa ya msiba pia. Mwenye mgonjwa Muhimbili, mwenye mtoto mchanga aliyebaki na dada nyumbani, mwenye mzigo unaoingia Kariakoo usiku, hawa wakisita kuweka simu mbali wana sababu ya maana. Ushauri wa "zima tu" hauwafai, na mimi siutoi.

Kwa hiyo kila njia nitaipima kwa mambo matatu. Simu inatoka machoni na mkononi kweli? Mwenye shida ya haraka anaweza kukupata? Na simu iko salama?

Kuilaza kifudifudi mezani

Hii ndiyo watu wanayoikimbilia zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo dhaifu kuliko zote. Mtu anageuza simu kioo chini pembeni ya sahani, anaiweka sailensi, anahesabu kazi imekwisha. Ila mkono unajua ilipo. Mazungumzo yakilegea kidogo, au mhudumu akichelewa na oda, vidole vinaigeuza ili kuangalia saa. Akishaangalia saa ameshaona kuna ujumbe kwenye grupu la ukoo, na ujumbe ukishaonekana unadai jibu.

Mwaka 2017 Adrian Ward na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio lililowahusisha watu karibu 800. Wote waliambiwa wanyamazishe simu. Wengine waliziweka mezani zikiwa zimefudikizwa, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine waliziacha chumba kingine. Kisha wote wakapewa mitihani ya kupima umakini. Walioacha simu chumba kingine walifanya vizuri kuliko waliokuwa nazo mezani, ingawa hizo za mezani zilikuwa kimya na kioo kiko chini. Niseme ukweli wote: watafiti waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye hawakupata jibu moja, kwa hiyo sitalichukulia kama sheria. Lakini linafanana mno na ninachokiona kwenye meza zetu, ndiyo maana siamini kufudikiza.

Kuhusu usalama, meza za nje kando ya barabara ndizo wanazozipenda vibaka. Anapita mmoja na pikipiki, mkono unanyooka, simu imekwenda. Ongezea chupa ya soda inayoangushwa, mchuzi unaomwagika, na mtoto anayenyoosha mkono kuchukua pilipili.

Kuna mtu mmoja tu ninayemruhusu simu mezani kwa moyo mweupe, naye ni aliye zamu kikweli, kama daktari au fundi anayesubiri kuitwa. Huyo afadhali aiache wazi, aseme tangu mwanzo, "Jamani leo niko zamu, ikilia nitanyanyuka." Mkishaambiwa hivyo hakuna anayejisikia vibaya. Kinachoumiza ni kumwona mwenzako anaichungulia kwa siri huku anaitikia "ehee, ehee" kwenye habari ambayo haisikii.

Kila mtu mfukoni au mkobani mwake

Hapa mambo yanaanza kuwa ya heshima. Simu haionekani, meza ina nafasi, kibaka hana cha kukwapua. Tatizo ni mtetemo. Simu inayotetema pajani inaita vilevile kama inayolia, tena vibaya zaidi, kwa sababu wenzako hawajui kwa nini ghafla umenyamaza.

Dawa yake iko ndani ya simu yenyewe na wengi hawajaigusa. Kwenye Android ukiwa umeweka Kiswahili, nenda kwenye mipangilio utafute Usinisumbue. Iwashe, kisha ruhusu simu za watu uliowawekea nyota tu: mke au mume, mama, dada wa nyumbani, jirani mwenye ufunguo. Washa pia sehemu ya wanaorudia kupiga. Mtu yeyote akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. iPhone nayo ina kitu hichohicho, ila muda wake ni dakika 3. Kwa mji wetu mpango huu unatosha sana, maana mwenye msiba au ajali hapigi mara moja akaacha. Fanya mpangilio huo nyumbani ukiwa umetulia. Ukingoja ufike hotelini utakuwa umeshika simu dakika kumi za kwanza, na hizo ndizo dakika watu wanaposalimiana vizuri.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba kila mtu anajisimamia mwenyewe. Mmoja akitoa simu, wa pili anatoa yake, na kabla nyama haijafika meza nzima imeshainama. Mkiwa wawili hilo halitokei kirahisi, kwa sababu macho yako mbele yako. Ndiyo maana kwa wapenzi, kwa mke na mume waliotoroka watoto Jumamosi moja, na kwa chakula cha kikazi na mteja, njia hii ndiyo ningeichagua bila kusita. Mteja huwezi kumwomba simu yake. Unachoweza ni kuiingiza yako mfukoni akiwa anakuona, na mara nyingi naye atafuata.

Rundo katikati ya meza

Mchezo huu ulivuma duniani kuanzia mwaka 2012 hivi, na vijana wa hapa wanaucheza. Simu zote zinapangwa juu ya nyingine katikati ya meza, na anayegusa yake kwanza analipa bili ya wote. Unachangamsha, na kwa saa ya kwanza unafanya kazi kweli.

Siupendi, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu wengi wanaudhani ndio bora.

Nilikaa meza moja Sinza, marafiki wa kazini, Ijumaa jioni. Rundo lilikuwa limeshapangwa. Simu ya juu ikawaka, jina likaandika "Mama". Mwenyewe akanyoosha mkono, meza nzima ikapaza sauti, "Bili! Bili! Bili!" Akaurudisha mkono, akacheka na wengine, simu ikaita mpaka ikakata. Baada ya hapo hakuchangia tena mazungumzo, na macho yake yalikuwa kwenye lile rundo. Tulikuwa tumeondoa simu mikononi mwake tukaiweka kichwani. Na hakuwa na uwezo wa kulipia mezani pale, jambo ambalo wote tulilijua kwa sababu mishahara yetu hailingani.

Hilo la pesa nalitilia mkazo. Kwenye meza ya marafiki wa Dar kuna aliyetoka benki na kuna anayeunga unga mpaka tarehe 30. Adhabu ya bili kwa mmoja ni utani, kwa mwingine ni nauli na chakula cha wiki. Mchezo unaomtisha maskini wa meza na kumwacha tajiri huru haujengi urafiki. Kama mnaupenda, basi adhabu iwe ndogo na ya wote sawa, kama kuimba, kuagiza maji ya kunywa ya meza, au kuwahadithia wenzake jambo la utotoni.

Halafu kuna suala la nafasi. Nyama choma ikija na ubao wake, bakuli la kachumbari, ndizi, ugali, chupa na glasi, hilo rundo utaliweka wapi? Litasogezwa ukingoni, na ukingoni ndiko linakoangukia au kuchukuliwa. Tena vioo vyote vinaonekana vikiwaka, kwa hiyo simu hazijatoka machoni hata kidogo.

Kuna utafiti wa Vancouver, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018 na Ryan Dwyer, Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn. Waliwaalika watu zaidi ya 300 wale mgahawani na ndugu au marafiki zao. Baadhi ya makundi yalikula simu zikiwa mezani, mengine yaliziweka kwenye chombo wakati wa kula. Wenye simu mezani walisema walivurugika zaidi na kufurahia kidogo kuliko wenzao. Tofauti ya furaha haikuwa ya kutisha, karibu nusu alama kwenye kipimo cha alama 7. Lakini mlo mmoja na mwingine, mwaka mzima, nusu alama hizo ni nyingi kwa familia inayoonana mara moja kwa wiki. Mimi nilichojifunza hapo ni kile chombo. Hakikuwa na faini, hakikuwa na kelele. Simu ziliingia humo, watu wakala.

Mkoba mmoja, na simu moja inayobaki hai

Hii ndiyo chaguo langu kwa familia na kwa kundi lolote la kuanzia watu wanne. Mmoja anakusanya simu zote kwenye mkoba wenye zipu au kapu la ukili, anaukumbatia mapajani au kuuweka kati yake na ukuta. Usiuning'inize nyuma ya kiti, hasa sehemu zenye msongamano. Simu zote zinanyamazishwa isipokuwa moja.

Hiyo moja ndiyo siri ya njia hii. Kabla ya kutoka nyumbani, mnachagua ya yule mwenye sababu nzito zaidi ya kupatikana, kisha kila mmoja anawaambia watu wake: "Tunakwenda kula, ukinihitaji kwa haraka piga kwa mama Neema." Dada wa nyumbani anaipata namba hiyo, na mlinzi naye, na ndugu anayemuuguza bibi. Sasa watu saba wanapatikana kwa simu moja, na sita kati yao hawana hata wazo la kuchungulia. Hakuna njia nyingine kati ya hizi inayotimiza mambo yangu yote matatu kwa pamoja.

Simu hiyohiyo ndiyo inayopiga picha. Chakula kikifika, anayeishika anapiga za meza na za watu, anairudisha, na picha anawatumia wote usiku wakifika nyumbani. Anayetaka kuziweka stetasi ataziweka usiku huo. Watu wakishajua picha ipo, hamu ya kutoa simu inapungua sana.

Mpango huu hukwamia kwenye kusubiri. Kuku wa kienyeji hachomwi kwa dakika kumi, na mbuzi ndiyo kabisa. Ukiwanyang'anya watoto simu kisha ukawakalisha saa nzima mbele ya meza tupu, umewapa adhabu, na wataichukia desturi hiyo kabla haijaota mizizi. Piga simu hotelini mkiwa bado nyumbani, agiza nyama, uliza itakuwa tayari saa ngapi, ndipo mtoke. Nunua LUKU kabla ya kuondoka pia, ili taarifa ya umeme kuisha isiwafuate mezani. Na beba karata. Watoto wa Dar wanaojifanya hawajui kucheza karata wakishaanza hawataki kuacha.

Njia hii haifai kwa watu wasioaminiana bado. Mtu uliyekutana naye jana huwezi kumwambia akukabidhi simu yake, na wanaoanza uchumba wataanza kuwaza nani anaficha nini.

Kuiacha nyumbani, au kwenye gari

Kwenye gari, hapana. Kioo kinavunjwa kwa ajili ya kitu kidogo kuliko simu, na jua la mchana wa Dar ndani ya gari lililofungwa linaiharibu betri.

Nyumbani ni habari nyingine. Ukienda kula mtaani kwako, kwa miguu, mchana, na pesa taslimu mfukoni, hakuna raha inayofanana na hiyo. Supu na chapati Jumapili asubuhi ndio wakati wake. Unakaa benchi moja na majirani, unasikia habari za mtaa ambazo hazijapitia kwenye grupu lolote. Lakini kwa safari ya mbali, usiku, au ukiwa peke yako, usijaribu. Utahitaji usafiri wa kurudi, na mtu nyumbani anastahili kujua umefika wapi.

Chakula chenyewe nacho kinachagua

Hili watu hawalitaji wanapozungumzia simu, na nadhani linasaidia kuliko sheria zote. Chipsi mayai unaweza kuila kwa kijiti mkono wa kulia huku wa kushoto unachati mpaka sahani iishe. Ugali na samaki haukubali mambo hayo. Mhudumu anakuja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, unanawa, anamwagia wa pembeni yako, na kuanzia hapo mkono ni wa chakula. Unamega tonge, unaliminya kwa kidole gumba, unachovya kwenye mchuzi, unatoa miiba. Mwenye kushika simu hapo ataipaka mafuta, na kioo chenye mafuta hakisikii kidole.

Sinia la pilau lina nguvu zaidi. Mkiwa wanne mmelizunguka sinia moja, anayesimama kujibu ujumbe anarudi akakuta upande wake wa nyama umekwisha. Hakuna aliyemkemea, sinia limemaliza kazi. Kwa hiyo kama una vijana wa miaka kumi na tano hivi wasiosikia la mtu, usianze na mkoba. Anza kwa kuwapeleka mahali pa kula kwa mkono kwenye sinia.

Basi nani achukue ipi

Wawili, mfukoni na Usinisumbue. Kikazi, vivyo hivyo. Familia yenye watoto, mkoba mmoja, na agizeni mapema. Vijana wakubwa, sinia kwanza. Marafiki wa kazini wanaopenda mchezo, rundo nawashauri waliache, wachukue mkoba, na kama lazima pawe na adhabu isiwe ya bili. Aliye zamu aseme wazi, simu yake iwe mezani. Mtaani kwako Jumapili, iache nyumbani.

Umri na heshima ndiyo sehemu ngumu. Mdogo hawezi kumwambia mkubwa aweke simu pembeni, na akisema atakuwa amekosea adabu hata kama ana haki. Anayealika ndiye anayepaswa kusema, na aseme kabla ya oda. Ikiwa aliyealika ni kijana na wageni wake ni wazee, kuna namna. Dada mmoja Mbezi Beach nilimsikia akimwambia shangazi yake, mkoba ukiwa umefunguliwa na simu yake mwenyewe imeshaingia:

"Shangazi, hizi simu nazishika mimi leo, na yako niishike?"

"Subiri mwanangu, namsubiri baba yako mdogo anipigie."

"Basi yako ndiyo iwe ya hewani, shangazi. Wote wanaotutafuta tumewaambia wapige kwako."

Shangazi akaikubali kazi hiyo kwa fahari, akaiweka simu kwenye pochi yake iliyo mapajani, na haikutoka mpaka baba mdogo alipopiga. Mkubwa akipewa simu ya hewani anakuwa msimamizi wa jambo lenyewe, na hakuna aliyemnyang'anya kitu.

Bili ikija, anayelipa atoe simu yake peke yake, aingize lipa namba, asome jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, kisha amwonyeshe mhudumu ujumbe wa malipo. Wengine waache zao mkobani mpaka mnasimama. Mkizitoa wote wakati wa bili, yale mazungumzo ya mwisho ya kupanga mtaonana lini tena hayafanyiki, na usafiri mmoja unatosha kuitwa na simu moja.